Ugonjwa wa Februari

Wodi ya watoto, 9 Novemba

Dada,

Hujambo na makelele ya watoto wa watu? Nimekaa kwenye stuli ya chumba cha dawa, zamu imetulia. Kabla hujauliza kwa nini sikupiga simu: kwa simu unanizidi maneno. Nikiuliza moja unajibu saba, mwisho nakata sijapata nilichokitaka. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nataka kumhamisha Chiriku. Shule anayosoma haina mwalimu wa hesabu tangu mwezi wa tatu. Baba yake, tangu aende kuanza maisha kwingine, hajui hata mtoto yuko kidato gani. Januari anaingia cha tatu. Mimi zamu zangu ni za kupishana, leo asubuhi kesho jioni, naye akirudi nyumbani anaongea na redio. Nimefikiri aje kwako, asome hapo hapo unapofundisha.

Ila usiniambie "mlete tu". Wewe ndiye mwalimu wa taaluma, alama zote zinapita mkononi mwako. Niandikie uzuri wa shule hiyo na ubaya wake, kama unavyowaandikia wakaguzi. Wao ukiwapaka mafuta watakula chakula na kuondoka. Mimi ukinipaka mafuta, utakuwa umemdanganya mtoto. Sina mwingine, dada. Asipoufanya mtihani wa kidato cha nne akamaliza kama wenzake, mimi nitakuwa nimetwanga maji kwenye kinu miaka yote hii.

Mdogo wako

*

Ofisi ya taaluma, 20 Novemba

Wewe mtoto,

Eti nakuzidi maneno! Nani aliyekufundisha kusema? Haya, kaa usome ripoti yako, Bi Mkaguzi.

Uzuri. Nidhamu ipo. Kengele ikilia saa moja na nusu, hata kuku wa mlinzi wanajipanga mstari. Maktaba ina vitabu na vinaazimwa, havifungiwi kabatini kama vyombo vya wageni. Walimu wa lugha wanajua kazi. Yule wa historia anachosha, lakini anajua. Na kubwa kuliko yote, miaka minne mfululizo hatujapata sifuri hata moja kwenye mtihani wa mwisho. Tuko wa kwanza wilayani. Unakumbuka zamani watu walivyotuita "shule ya kusindikiza wenzao"? Leo waliotucheka ndio wanaoamkia mlangoni kuomba nafasi.

Ubaya. Maabara inavuja, mvua ikinyesha tunafundisha kemia huku tunahamisha meza. Mwalimu wa fizikia ni mmoja, naye ana mdomo mchafu. Vyoo vya wasichana havitoshi, nimepiga kelele hadi sauti imekauka.

Basi. Hakuna shule isiyo na kasoro, kama ambavyo hakuna hospitali isiyo na foleni. Mlete. Atalala chumba cha uani, na hesabu nitamfundisha mwenyewe.

Dada yako

*

3 Desemba

Dada,

Nimeisoma ripoti, nikaigeuza, nikaishika kwenye taa. Chini ya vyoo kuna mstari umeufuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Wewe hufuti, wewe huandika upya ukurasa mzima. Ulikuwa ubaya wa nne, au umepata mchumba ukaona aibu kunitajia?

Nakutania. Nimeshamwandikia uhamisho. Anakuja na godoro lake, na mdomo wake.

Mdogo wako

*

14 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa binti yako, ambaye hivi sasa yuko uani anabishana na rafiki yake juu ya pembetatu. Rafiki huyo wanamwita Twiga, kwa urefu wake. Ni mtoto wa fundi baiskeli wa hapa mtaani. Kwenye hesabu hakuna wa kumcheka mwenzake, lakini wanajitahidi, na Twiga kwa Kiingereza ni moto.

Chiriku muhula huu amepata ishirini na saba ya hesabu. Usipige kelele, nimekwisha kupiga mimi.

Umeuliza tunafanyaje na watoto dhaifu mpaka wote wanafaulu. Tunawasukuma, tunawafundisha jioni. Mengine ni mambo ya jikoni, mgeni hualikwa mezani. Wewe nimekuuliza unavyowatoboa watoto sindano?

Dada yako

*

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimempa mwalimu wa historia anipelekee posta. Nikimpa mama mkubwa huwa anaisoma kwanza, anasema anasahihisha makosa.

Mama, huku kuna kitu kinaitwa kupumzishwa. Ukifika kidato cha nne, Februari kabla majina hayajapelekwa kwenye mtihani, wale wenye wastani chini ya thelathini na tano wanaitwa pamoja na wazazi wao, wachache wachache kila Jumanne. Mzazi anakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Akiingia anaonyeshwa barua iliyokwisha kuandikwa, ananakili kwa mkono wake: "Naomba mwanangu apumzike mwaka huu kwa sababu ya afya." Anasaini. Halafu unarudi nyumbani, na shule inasema haijafelisha mtu.

Barua ile ya kunakili ni mwandiko wa mama mkubwa. Naujua, ndio unaonisahihishia daftari.

Jumamosi baba yake Twiga alikuja hapa nyumbani kwa sababu siku ya kuitwa alikuwa na kazi. Alikaa mezani na mikono yake ina grisi, anaogopa kuchafua karatasi. Kuandika hajui sana. Mama mkubwa alikuwa na haraka, akaniambia nimsomee herufi moja moja. Nikasoma, mama. Nilimtajia kila herufi mpaka mwisho. Alipomaliza akanishukuru, akasema Mungu akubariki mwanangu, unasoma vizuri.

Twiga tangu Jumatatu haji. Darasani hakuna anayekaa na mimi, wanasema orodha inapikwa kwetu. Mama, Twiga alipata wastani wa thelathini na tatu. Mimi nilipata thelathini na moja. Mbona wewe hujaitwa?

Mwanao

*

Wodi ya watoto, 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani.

Niambie kuhusu kupumzishwa. Nani aliyeanzisha, wangapi wamepita hapo, na wako wapi sasa. Mimi nimeuguza watoto miaka kumi na saba. Nimeona surua, nimeona degedege, nimeona vitu ambavyo hata vitabuni havimo. Sijawahi kuona ugonjwa unaoshika watoto mwezi wa Februari tu, kidato cha nne tu, na wenye alama ndogo tu. Hiyo ni shule au ni wodi?

Nilikuuliza ubaya nikiwa nimepiga magoti. Ukaniandikia vyoo.

Na unieleze kwa nini mimi sikuitwa.

Mdogo wako

*

15 Februari

Mdogo wangu,

Najua nani amekuambia. Nimemwuliza, akanitazama tu. Chiriku mzima, kunyamaza!

Sasa na wewe nisikilize, kwa sababu umekaa huko na joho lako jeupe unahukumu. Nilipofika hapa, watoto sitini kati ya themanini walipata sifuri. Sitini! Mwalimu akipangiwa hapa alikuwa anakwenda kulia wilayani abadilishiwe. Dari la darasa lilianguka na hakuna aliyekuja kulitazama, maana nani atatengeneza dari la shule ya sifuri? Tulipokuwa wa kwanza, tuliletewa walimu wanne na ile maktaba niliyokusifia. Mkuu wa shule ndiye aliyeleta wazo la kupumzisha, lakini barua niliitunga mimi, sikatai. Mwaka huu ni kumi na mmoja. Themanini na watatu wengine wanasoma kwa amani. Wewe ungefanyaje?

Tunawaambia wanaweza kufanya mtihani mwaka unaofuata, kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Kabla hujaniuliza: katika ile miaka minne niliyokusifia tuliwapumzisha arobaini na mmoja, na waliofanya ninaowajua ni watatu. Huo ndio mstari nilioufuta. Nilikuandikia, nikaona hutamleta mtoto, na mimi nilimtaka. Nyumba hii ilikuwa na mimi na kabati.

Hukuitwa kwa sababu Chiriku nimemruka. Mkuu anaona majina, alama naziweka mimi. Nimemwandikia thelathini na saba. Majina yanakwenda tarehe ishirini na nane, yakishakwenda hakuna wa kumtoa. Kwa hiyo mtoto wako atafanya mtihani. Si ndicho ulichokitaka? Basi nyamaza, na ichane barua hii.

Dada yako

*

18 Februari

Dada,

Sijaichana.

Nakwambia ukweli wote, ili angalau mmoja wetu aanze. Niliposoma kwamba Chiriku umemruka, nilifurahi. Moyo uliruka kabisa, nikacheka peke yangu chumba cha dawa kama mwehu. Nikaenda kumbadilishia maji mtoto wa kitanda cha nne huku naimba. Furaha ile ilidumu mpaka nilipomwona mama wa yule mtoto, amejikunja chini ya kitanda kwenye kanga, viatu vyake kavifanya mto. Nikamkumbuka fundi baiskeli anaogopa kuchafua karatasi yenu. Mtoto wake amemshinda wangu kwa alama mbili, na ndiye mgonjwa. Nilijiona mchafu, dada. Nimejichukia na nimekuchukia.

Ila kuna jambo umelisahau, au hujawahi kulifikiria. Hapa kwetu mtoto hapasuliwi mpaka mzazi asaini. Unajua kwa nini tunamwomba? Kwa sababu anaweza kukataa. Akikataa, daktari hata awe nani, kisu kinabaki kwenye trei. Mngekuwa na ruhusa ya kuwatoa watoto hao, msingehangaika na barua za wazazi. Mnawanakilisha kwa kuwa bila mkono wao hamuwezi kitu, na wao hawajui.

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Jumanne nitakaa kwenye benchi lenu. Sitakuja nyumbani kwako kwanza, maana utanipikia chai na nitalainika. Una siku mpaka hapo za kuandika alama za mwanangu kama zilivyo.

Mdogo wako

*

28 Februari

Wewe,

Umekuja, umevuruga, umeondoka bila kuniaga.

Nilikuona dirishani kuanzia saa mbili. Nilikuona umebanana na wale wazazi, umemshika mmoja mkono kama unampima mapigo. Sikusikia ulichowaambia, lakini niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja. Waliokuwa hawajaandika wakakataa kuandika. Walioandika wakataka barua zao. Fundi baiskeli alipata habari, akaja saa nne akiwa amenawa mikono, akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, naomba ile karatasi yangu. Mtoto wangu haumwi." Nikampa. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Mkuu akaniita. "Yule mwanamke pale nje ni nani?" Nikasema ni mzazi tu. Ndivyo nilivyosema, mdogo wangu. Mzazi tu. Nimekulea mgongoni, nimekusuka nywele mpaka ukaolewa, nikakukana mbele ya mtu mwenye tai ya kufunga kwa zipu.

Mkuu alisema niwapeleke themanini na watatu vilevile, wazazi wakija juu tutasema fomu zilichelewa. Leo saa nane mchana nilizijaza zote mbili, orodha yake na orodha nzima. Alama za Chiriku nimeziandika thelathini na moja. Nikaipeleka ile nzima wilayani kwa mkono wangu, watoto tisini na wanne, nikasubiri mpaka ikagongwa muhuri. Mkuu atajua kesho asubuhi.

Twiga nimemfuata mwenyewe gereji kwa baba yake. Hakunipa hata shikamoo, na nimestahili. Lakini kesho anakuja darasani.

Usidhani nimekusamehe.

Dada yako

*

24 Januari

Mdogo wangu,

Matokeo yametoka leo. Ningeweza kupiga simu, ila nilishika simu mara tatu nikaiweka, maana kwa mdomo siwezi. Naona mara hii umenizidi maneno wewe.

Kati ya wale kumi na mmoja, sita wamefaulu. Twiga amepata daraja la tatu, na Kiingereza chake kina alama ya juu kuliko wote shuleni, hata wale tuliokuwa tunawaweka mstari wa mbele wageni wakija. Watano wamepata sifuri.

Chiriku naye amepata sifuri.

Nimelitafuta jina lake kuanzia juu nikishuka kwa kidole. Nilipofika chini nikaanza tena juu. Najua ulivyosema, kwamba huna mwingine. Tangu Machi nilimfundisha kila jioni, na Oktoba alikuwa anakokotoa vizuri. Chumba cha mtihani kilimtisha, au mimi si mwalimu mzuri kama nilivyojidhania. Sijui.

Shule imeshuka kutoka ya kwanza hadi ya kumi na nne. Wazazi watatu wameshachukua uhamisho. Mkuu aliniondoa taaluma tangu Machi, kama unavyojua, akanipa mazingira. Kwa hiyo mimi sasa ndiye mkubwa wa mafagio na vyoo, vile vile nilivyovipigia kelele. Cheka ukitaka.

Mchana fundi baiskeli alikuja kusoma matokeo ubaoni. Alinikuta uwanjani na wanafunzi wa usafi. Nikadhani atanishukuru, au atanitukana. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza, "Mwalimu, mwaka jana mtoto wangu mlisema anaumwa nini?" Aliuliza kwa kutaka kujua kweli. Nikaendelea kufagia, na watoto wote wananitazama.

Nisamehe. Kama huwezi, nitukane, lakini usiache kuniandikia.

Dada yako

*

Wodi ya watoto, 2 Februari

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilitukuta tumeshajua. Chiriku alisoma kwenye simu ya jirani, akaja kunipa habari mlangoni kabla sijavua viatu. Amelia siku mbili, hakula. Mimi nililia bafuni na bomba nimelifungulia ili asinisikie. Na kwa kuwa tumekubaliana ukweli: siku ya kwanza nilikulaani. Nilisema huyu dada angeniachia mwanangu apumzike, leo angekuwa na jina zuri mtaani, na mimi nisingepewa pole na watu wanaotabasamu. Nilifikiri hivyo mimi, niliyekaa kwenye benchi lenu nikijiona shujaa. Umeona binadamu alivyo.

Siku ya tatu alikuja jikoni, akachukua kisu akanisaidia kukata vitunguu. Akaniuliza kama aliyepata sifuri anaruhusiwa kurudia. Nikamwambia ndiyo, kuna vituo hapa mjini, karibu na hospitali, hakuna anayekujua. Akasema hapana, anataka kule kule. Nikamwambia wewe mtoto, una wazimu? Watakucheka. Mwalimu wa fizikia atakutafuna mzima. Akasema, "Wacha wacheke, mama. Angalau wananicheka nikiwa ndani."

Tena akasema Twiga amemwandikia. Anamwambia arudi, atamsaidia jioni akitoka gereji, kwa sababu ile pembetatu hawajaimaliza kubishania. Tumecheka, dada. Kwa mara ya kwanza wiki hii, tumecheka mpaka vitunguu vikaungua.

Nimekusamehe yale ya benchi na yale ya mzazi tu. Ya fundi baiskeli siwezi kukusamehe mimi, mwendee mwenyewe ukamjibu alichokuuliza. Mwambie hakuumwa chochote.

Chiriku anafika Jumapili. Najua hawakupi tena orodha, lakini meza ya nyumbani ni yako. Mpe majaribio kila Ijumaa, na akipata thelathini na moja, mwandikie thelathini na moja.

Mdogo wako